Breki za Kidawa

Masanduku ya Kidawa yalikuwa tayari garini. Talaka ilitoka jana, na leo anarudi kwao. Mwadini, aliyekuwa mumewe, akaona mafuta ya breki yakidondoka kwenye gurudumu la nyuma.

"Mpira wa breki umepasuka," akasema. "Huwezi kuondoka hivi."

Akafunga mpira mpya. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye breki, yeye chini ya gari, Kidawa kwenye pedeli, kama walivyofanya miaka yote ya gereji yao.

"Kanyaga. Shikilia. Achia."

Viputo vikaisha, mafuta yakatoka safi. Mwadini akaendelea kuita. "Kanyaga. Shikilia."

"Mwadini," Kidawa akasema taratibu, "pedeli imeshakaza kitambo."

Gari likaondoka. Kwenye kona, taa nyekundu za breki zikawaka, na Mwadini akasimama, spana mkononi, akiomba zisizimike.