Miadi ya Kumi na Tisa

"Gisenyi muzima, kutoka ziwani mpaka Rugerero, hakuna mutu analipa ndugu yake vizuri kama mi," Ngoga alimwambia dereva wa pikipiki aliyempakia asubuhi ile. Dereva, ambaye hakuwa ameuliza chochote, akaongeza mwendo.

Ngoga aliuza bima: ya gari, ya duka, ya ng'ombe. Alijua kuongea mpaka mtu anasaini ili apumzike. Lakini wateja hakuwatafuta yeye. Walitafutwa na Uwera, binti wa shangazi yake, mwenye simu moja na daftari lililochakaa pembe. Uwera ndiye aliyezunguka sokoni na kwenye maegesho kuuliza nani ana nini na bima yake inakwisha lini, kisha akapanga siku, saa na mahali. Ngoga alifika tu, amejipulizia manukato.

Walikuwa wamepatana jikoni kwa shangazi, wao wawili tu: faranga elfu tano kwa kila mtu atakayekaa na Ngoga, anunue asinunue. Walikaa watu kumi na wanane. Uwera akaambulia Fanta mbili na vocha ya simu ya mia tano.

"Kaka, usajili wa shule ya udereva unafungwa Ijumaa," Uwera alimkumbusha Jumatatu, kwa Kiswahili chake cha Tanzania alikozaliwa. "Nadai elfu tisini. Zinatosha kabisa."

"We dada! Tulisema wakinunua. Na wenye wamenunua ni watatu tu."

"Hatukusema hivyo."

"Iko shahidi?"

Uwera akafunga daftari lake. "Na zile barua za ofisi ya mtaa, za akagari, umezisoma?"

"Zile za michango?" Ngoga alicheka. Ya kwanza aliikunja akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Ya pili alifutia viatu. "Mi na akagari hatujuani."

Hapo alisema kweli. Kila Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, majirani wakitoka na majembe, Ngoga huumwa mgongo, na hapati nafuu mpaka mkutano wa baada ya kazi umekwisha. Hata viongozi wa mtaa wake angepishana nao njiani asiwajue.

Kesho yake Uwera akampigia, sauti imejaa asali. "Kaka, nimekupangia miadi. Kesho saa nne, ukumbi wa Rugerero. Ni watu watatu, wanaamua pamoja. Wamekutafuta wiki mbili."

"Wanataka ya gari ao ya ng'ombe?"

"Watakuambia wenyewe."

"Watu watatu, miadi moja," Ngoga akawahi. "Donc tunahesabu moja."

"Hii nakupa bure, kaka."

Ndivyo alivyofika Rugerero Jumatano, na Fanta nne kwenye mfuko. Nje ya ukumbi watu walikuwa wamepanga foleni ukutani. Ndugu wawili wanaofanana pua walikaa kwenye benchi moja, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Ngoga alifurahi. Akawagawia wote kadi zake. "Musiwe na haraka, bima iko ya kutosha!"

Ndani, nyuma ya meza, alikuta mzee Sebagabo mwenye koti la kijivu, mama Mukamusoni mwenye miwani shingoni, na bwana mmoja kimya mwenye kalamu na daftari kubwa. Uwera alikaa pembeni, mikono mapajani. Ngoga akapanga Fanta mezani.

"Tutakunywa baadaye," mama Mukamusoni alisema. "Kwanza kazi."

"Bon! Bima ya ng'ombe, mama..."

"Polepole, kijana," mzee Sebagabo akamkatiza. "Kwanza tukujue. Huyu binti ni nani wako?"

"Ni dada yangu, mutoto wa shangazi. Bila yeye mi ni bure kabisa."

"Anakufanyia kazi bure?"

Ngoga akaona nafasi imejitokeza. Mtu anayetunza ndugu, nani atakataa kumwamini kwa bima ya ng'ombe?

"Bure? Mzee, Mungu angenipiga! Namupa elfu tano kwa kila mutu, anunue asinunue. Tulipatana jikoni, kwa shangazi."

"Na mpaka leo amekuletea wangapi?" mama aliuliza.

"Kumi na munane! Wote walikaa na mi, hata mumoja hakukosa."

Bwana wa daftari aliandika, akapiga mstari chini.

"Na pesa zake unampa vipi?"

"Kwa simu, mama, siku ileile."

"Basi ujumbe wa malipo utakuwepo."

"Iko mingi!" Ngoga alitia mkono mfukoni, akaigusa simu, akauacha mkono humohumo. "Sasa, tukirudi kwa ng'ombe..."

Mlangoni vichwa vilikuwa vimejaa. Wale ndugu wawili walikuwa wanachungulia, bega kwa bega.

Mzee Sebagabo akatoa karatasi kwenye koti, akailaza mezani. Ngoga aliutambua muhuri wake. Ulifanana na ule wa barua iliyoshikilia meza yake isiyumbe.

"Hii ni barua ya tatu," mzee alisema. "Wito wa wapatanishi wa akagari, juu ya madai ya huyu binti. Kwa mbili za kwanza hukuja. Binti akatuambia tumwachie yeye akulete, hiyo ndiyo kazi yake."

Mama Mukamusoni alivaa miwani, akamgeukia Uwera.

"Binti yangu, si ulituambia huna shahidi? Mbona huyu ameongea vizuri sana? Mfungulie Fanta, koo limemkauka."