Kopi za Mama Kija

Mashine ilikuwa ingali inatema karatasi za moto askari alipochomoa waya ukutani. Sadick alibaki ameduwaa katikati ya steshenari yake, jirani na stendi ya Bariadi, akiiona riziki yake inakatika pamoja na umeme ule.

"Nani kaleta kitabu hiki?" aliuliza bwana mmoja mwenye tai, mtu wa kampuni ya vitabu, aliyeingia nyuma ya askari.

"Mimi," alijibu Mama Kija.

Mama Kija alifundisha baiolojia kule Migato. Mjini hakuna aliyemwita vinginevyo. Mwanamke akishazaa, jina lake la kwanza huenda likizo. Asubuhi ile alikuja na kitabu kimoja kilichochakaa, ambacho kidato cha nne kizima walikuwa wakikigombania, na mtihani wa taifa ulishabisha hodi. Kukipata kingine ni mpaka uagize Mwanza, kwa bei ya mbuzi mzima. Nani auze mbuzi wake kwa ajili ya picha za chembehai? Sadick aliona kumtolea kopi ni thawabu.

Kabla hawajaanza, mwalimu alisahihisha mchoro mmoja kwa kalamu.

"Mayu, unamsahihisha hadi mtunzi?" Sadick alimtania, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Aliandika kwa haraka," alijibu, wala hakucheka.

Sasa yule bwana alikuwa akizishindilia kopi kwenye gunia. "Watu wanakesha wakiandika, nyie mnawaibia jasho lao. Hamumwonei huruma mtunzi?"

"Yeye anapata nini?" Mama Kija aliuliza.

"Tulishamalizana naye. Haki zote ni zetu. Hata yeye mwenyewe akitaka kopi, aje atuombe."

"Na akiomba?"

"Biashara si sadaka, mama."

Mama Kija alilitazama gunia likifungwa kamba. "Basi niachieni sura ya jenetiki tu. Ndiyo inayowafelisha watoto wangu kila mwaka."

Sadick alimhurumia, kisha akamkasirikia. Mchuma janga hula na wa kwao, na leo wa kwao alikuwa yeye, Sadick, ambaye hata baiolojia yenyewe hakuisoma. Mashine ilikuwa inabebwa kupelekwa kwenye gari.

"Bwana mkubwa, huyu ni mwalimu," alijaribu kumtetea. "Hauzi. Anawapa bure."

"Wizi ni wizi," alisema mwenye tai.

Askari alivuta stuli, akakaa, akaweka kile kitabu gotini jalada likiwa juu, kisha akatoa kalamu aandike maelezo.

"Tuanze na wewe, mama. Jina kamili?"

"Justina Mihayo."

Askari aliandika nusu, akasita, akainamia jalada. Alipoinua uso alikuwa amenuna.

"Mama, usinichezee. Nimekuuliza jina lako, siyo la aliyeandika kitabu."