Mbegu za Fundi Baiskeli

Mchumba wa kwanza, karani wa benki, alikunywa maji ya bomba mpaka tai ikalowa. Wa pili, dereva wa lori, aliomba ruhusa akaangalie gari lake huko chini, na hadi leo anaangalia.

Wote wawili walikuja kumposa kitindamimba wa msoma mita mstaafu. Mzee alikuwa ametangaza ngazini, jengo zima likisikia, kwamba atakayemwoa binti yake lazima kwanza atafune pilipili moja ya roshani yake, aimeze, na asitoe chozi.

"Baba, lifute tu hilo sharti," binti alimsihi.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mama. Nikilifuta leo, hawa majirani nitawatazamaje?"

Mwenyewe hakuwahi kuzionja. Alikuwa na vidonda vya tumbo, na daktari alimwambia pilipili moja tu itamrudisha wodini. Alizilea tu, kama mtu afugaye mbwa mkali. Mbegu alizilaza kwenye karatasi laini iliyoloa, ndani ya kopo la plastiki, juu ya friji penye joto, zikachukua wiki na wiki kuchungulia. Maua aliyachavusha kwa brashi ya poda ya binti yake. Kuchuma, alivaa glavu za mpira. Siku moja alisahau akajikuna jicho, akashinda kutwa nzima uso uko ndani ya beseni.

Sasa binti alimpenda fundi baiskeli, na fundi baiskeli alikuwa mtu wa kutokwa jasho kwa pilipili manga. Siku alipoleta baiskeli ya mzee alikaribishwa mayai, binti akayanyunyizia hiyo manga kwa kusahau. Fundi aliyamaliza kwa adabu, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Mzee alimtazama mwanzo hadi mwisho.

Kesho yake kulikuwa na kopo jingine juu ya friji.

"Na hizo za nini, baba?"

"Hizi maalumu kwa fundi wako."

Tangu mama yake afariki walibaki wawili tu humo ndani, na sasa aliona wazi kwamba baba hana nia ya kubaki peke yake.

Miezi ikapita. Mche wa fundi ulipandwa kwenye kopo la rangi na kuwekwa peke yake, mwisho kabisa wa roshani, mbali na wenzake. Ulizaa pilipili nyekundu zilizokunjamana, hakuna wa kuzitofautisha na zile nyingine.

"Mwambie aje," mzee alisema.

Binti alimwandikia asije. Alikuja, tena na shati jeupe.

Majirani wawili waliitwa kushuhudia. Mzee alitoka roshani na pilipili moja kiganjani, akaiweka kwenye sahani. Glavu zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari wake. Fundi alifumba macho, akatafuna. Akatafuna tena. Akafumbua jicho moja, akamtazama mzee, akafungua mdomo kutaka kusema.

"Mtu hatafuni huku anaongea," mzee alimkatiza. "Meza."

Alimeza. Majirani wakamkagua macho kwa tochi ya simu. Makavu.

"Nimeshindwa," mzee alitamka, uso hauna habari. "Alete wazee wake."

Majirani walimbeba fundi juu juu hadi chini, kwa vigelegele. Binti alilia kwa furaha. Hakujua kwamba mapenzi yanaweza kumfanya mtu sugu kiasi kile.

Alipotulia akaenda roshani kumshukuru baba yake. Alimkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, lile kopo la rangi lenye mche wa fundi liko katikati ya magoti, anachuma pilipili zilizobaki na kuzitafuna moja baada ya nyingine, kama karanga. Alipomwona binti yake, alijipangusa macho kwa vidole vilevile, yasimwashe hata kidogo, akamsogezea ya mwisho.