Fimbo Ukutani

"Shikamoo, babu. Samahani kwa kelele," alisema binti wa chumba cha pili, amesimama mlangoni pangu. "Kila nikiweka nyimbo zangu za Kihispania, unagonga ukuta. Sasa nimenunua hedifoni. Hutanisikia tena."

"Marahaba," nilijibu, nikaificha fimbo nyuma ya mguu. Mpira wa ncha yake ulikuwa umelika.

Tangu mke wangu afariki, zile nyimbo ndizo zilizokuwa zikinitembelea. Sielewi hata neno moja, lakini ule wa tatu huniinua kitini, magoti yapende yasipende. Nilikuwa nagonga kuitikia.

Mtu mzima haelezi mambo kama hayo. Binti akaaga.

Alipotia ufunguo mlangoni kwake, niligonga sakafu kwa fimbo, mdundo uleule wa wimbo wa tatu, hadi mwisho wa kiitikio.

Ufunguo ukaacha kuzunguka.