Laini ya Nyumbani

Kwa miezi minane Sebwana aliomba ruhusa ya kufunga modemu, ili aweze kuisimamia seva, kompyuta kuu ya kiwanda cha unga, kwa njia ya simu, akiwa nyumbani karibu na Zamda, mkewe aliyekuwa mgonjwa. Kila mara mkuu wake alimjibu, "Vuta subira kidogo, bwana." Ruhusa ilitoka siku ya tisa baada ya maziko ya Zamda.

Hata hivyo kazi aliifanya. Asubuhi alifunga modemu moja kiwandani, na mchana akaunganisha nyingine nyumbani, juu ya meza iliyokuwa ya dawa, chumbani. Mwanahawa, mdogo wa marehemu, alikuwa akikunja nguo za dada yake.

"Shemeji, hiyo kazi si ingengoja?"

"Imeshangoja sana," alisema Sebwana.

Akapiga namba. Modemu ikalia, ikakoroma, kisha ikanyamaza. Kwenye kioo cha kompyuta seva ikamwuliza jina lake.

Mwanahawa akaacha kukunja nguo. Sebwana alikuwa amekisogeza kiti hadi ubavuni mwa kitanda kitupu, pale alipopanga kukaa tangu mwanzo, akaanza kuandika.