Beseni Chini ya Seva

Beseni lilikuwa limejaa maji mpaka ukingoni. Fundi alilisukuma kwa mguu hadi likakaa sawasawa chini ya rafu ya kwenye korido. Juu ya rafu, kisanduku cheusi cha mumewe kiliendelea kukonyeza taa yake ya kijani, hakina habari.

Alikijaribu kwa kidole. Kilisogea. Msukumo mmoja tu na mambo yangekwisha.

Lakini kwanza alitaka jina.

Seva, ndivyo mumewe alivyokiita, kompyuta ndogo ya kuhifadhia vitu na kuvifungulia mtandaoni. Kwa wiki kadhaa alikuwa akirudi kutoka kwenye lifti zake anazozitengeneza, hata viatu havui, anapiga magoti mbele ya ruta ya intaneti na kubishana na watu wa mtandao kwa simu. Mara mlango wa mtandao umefungwa, mara anwani imebadilika. Ukurasa wake ulikuwa unafunguka ndani ya nyumba, nje, wapi! Siku ulipokubali alikuwa amesimama barabarani na simu mkononi, akarudi mbio, jitu zima, akipiga kelele.

"Unafunguka! Sasa hata nikiwa kazini naingia!"

"Unaingia wapi?" Fundi alimwuliza.

Furaha ikamtoka usoni. "Kwenye vitu vyangu tu."

"Si ungeviweka huko kwenye makampuni ya mtandao wanakoweka wenzako?"

"Sitaki vilale kwenye nyumba za watu. Viko hapa, na havipo pengine popote."

Vitu gani, hakusema. Ila tangu siku ile alikula na spika masikioni, alifagia na spika masikioni, na akiulizwa jambo anaitikia "enhe" kama mtu aliye safarini. Juzi usingizi ulimpitia kwenye kochi. Fundi akainama, akachomoa spika moja na kuitia sikioni mwake.

Kicheko. Chembamba, cha kike, cha mtu anayejua kwamba anapendwa.

Mumewe akazinduka na kuinyakua simu kana kwamba inaungua.

"Nani huyo?"

"Hakuna mtu."

Hakuna mtu! Basi tangu hapo wivu ulimkaba Fundi mchana na usiku, na hakuona sababu ya kujidanganya kuwa ni kitu kingine.

Leo alifunga cherehani mapema. Wateja wawili waligonga dirisha wakimwita, "Fundi! Fundi!", akanyamaza mpaka wakaondoka. Zamani mtaa mzima ulikuwa na jina jingine la kumwita, akawakataza, wakazoea. Alitundika utepe wake wa kupimia kwenye mmoja wa misumari mitupu ya ukuta wa sebuleni, akaenda kujaza beseni.

Ukurasa wa seva alioufungua kwenye simu yake ulikuwa mweupe, una kidirisha kimoja tu: Weka neno la siri. Kwanza kabisa aliandika jina lake mwenyewe, kwa aibu kidogo, kama mtu anayejichungulia kwenye kioo cha duka. Si sahihi. Hapo moyo ulimwuma kweli. Akaandika jina la karani wa ofisini kwa mumewe. Si sahihi. La mpangaji wa ghorofa ya juu, yule wa kucheka ovyo ngazini. Si sahihi. La mwanamke aliyesoma na mumewe, aliyemtumia salamu za mwaka mpya zenye maua matupu. Si sahihi.

Simu ikaita mkononi mwake.

"Mke wangu, ni wewe unayejaribu kuingia?" Sauti ya mumewe ilikuwa na mwangwi; alikuwa ndani ya shimo la lifti. "Seva inanitumia kila neno linalokosewa."

"Ni mimi. Nimeshawamaliza wote ninaowajua. Huyo wako ni yupi?"

"Sikiliza, ngoja nirudi nyumbani..."

"Nimeweka beseni la maji chini ya kisanduku chako. Nakisukuma."

Kitu cha chuma kikaanguka huko shimoni na kulia mpaka chini.

"Usikiguse." Fundi hakuwa amewahi kumsikia akiomba namna ile. "Nakuomba. Maji hayo nimwagie mimi, nipige, nifukuze, lakini usikiguse. Kikizama hicho sina tena pa kumpata."

Kumpata. Kumbe! Amekiri kwa mdomo wake. Mkono wa Fundi ulibaki pale pale juu ya kisanduku.

"Nitajie jina lake."

"Ukilisikia utaumia."

"Nimeshaumia, wewe bwana! Jina!"

Alimsikia akivuta kamasi. Mwanamume yule hakuwa mtu wa kulia ovyo.

"Mama Kidoti," akasema. "Liunganishe, herufi ndogo zote. Nisamehe. Ulisema tusibakishe kitu chake, nami nilishindwa."

Fundi akakata simu. Tangu siku ya mazishi ya Kidoti hakuna aliyethubutu kumwita hivyo.

Aliandika kwa kidole gumba, polepole, akakosea, akafuta, akaandika tena. Mkono wake mwingine ulikuwa umekikumbatia kisanduku kwa nguvu, kisije kikaanguka. Ukurasa ukafunguka, kile kicheko chembamba kikajaa korido nzima, kisha sauti ndogo ikaita:

"Mama, nitazame! Mama, mbona hunitazami?"