Mtoto Mchanga

Siku hizi, katika Mto Pangani, boti ya familia haiwaki mpaka wote walioandikishwa wawe wamekaa. Mama alipofariki, baba aliogopa tutanyang'anywa boti kwa kupungukiwa mtu. Akajaza mchanga kwenye kiroba, akakifunga kanga ya mama na kukiweka kwenye kiti chake. Kila tulipokwenda kuvua tulikiamkia, "Shikamoo mama," maana boti husikiliza.

Masika, mvua ikakilowesha.

"Mama Nasra ameongezeka uzito," boti ikasema. "Ni mjamzito?"

Baba akaogopa maswali zaidi. "Ndiyo," akajibu.

Miezi imepita. Leo tumekaa sote, na boti haiwaki.

"Yuko wapi mtoto mchanga?" inauliza.

Baba ananipa kipande cha kanga.

"Nasra, kachote mchanga," ananong'ona. "Njiani fikiria jina."